Mwalimu wa Kujitolea Katika Nchi ya Watu

(Maneno haya yalisemwa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila salamu tumezipunguza.)



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya mwalimu wa kujitolea katika nchi isiyo yake. Sababu ya kuombwa naijua. Muhula ujao shule yetu ya sekondari itapokea mwalimu wa hesabu kutoka ng'ambo, na tangu habari hiyo ilipofika tawi limegawanyika. Wako wanaosema heri aje, maana watoto hawana mwalimu wa hesabu tangu mwaka jana. Wako wanaosema tumekwisha jitawala zaidi ya miaka sitini, ya nini tena kuletewa mwalimu kama mgonjwa anayeletewa uji? (Kicheko.) Mimi sikuja kuamua ugomvi huo. Nimekuja kusema niliyoyaona, kwa sababu katika jambo hili nimekaa pande zote mbili za ubao. Nilifundishwa na mgeni nilipokuwa mtoto, na nilipostaafu nikaenda mimi mwenyewe kuwa mgeni katika nchi ya watu.

Nianze na yule wa zamani. Mwaka 1965 nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Kiamerika wa kikosi kile cha Peace Corps kilichoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961. Wazee mtakumbuka kwamba wale wa kwanza kuja Tanganyika, mwaka huo huo 1961, hawakuwa walimu. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba, na kazi yao ilikuwa barabara. Walimu wa kwanza wa kikosi hicho walipelekwa Ghana mwezi wa Agosti. Kwetu walimu walikuja baadaye.

Huyu wetu alikaa katika nyumba ndogo ya bati mwisho wa uwanja wa mpira. Alikuwa na baiskeli, na sanduku la vitabu ambalo hatukupata kuona mfano wake. Maji aliyachemsha, kisha akayachuja, kisha ndipo akanywa, nasi tukashangaa kwamba maji yanaweza kupikwa kama mchuzi. Kila Jumapili alimeza kidonge cha malaria, tukadhani ndiyo ibada yake. Aliposikia neno shikamoo alilipenda sana, akawa anamwamkia kila mtu, mkubwa kwa mdogo, nasi watoto wa miaka kumi na mitano tukimwitikia marahaba kwa sauti nzito. (Kicheko.) Ilipita miezi miwili kabla mama mmoja mpika pombe hajamhurumia akamweleza.

Nasema haya ili mjue kwamba mgeni hana siri. Tulijua anakula mayai mangapi. Tulijua siku aliyopata barua na siku aliyokosa. Yeye alidhani anaishi peke yake katika nyumba ile, kumbe anaishi na kijiji kizima ndani ya dirisha.

Alifundisha vizuri mno. Mpaka leo Kiingereza changu, kama kipo, ni chake. Lakini baada ya miaka miwili muda wake ulikwisha, gari likaja likamchukua. Tulilia. Jumatatu iliyofuata tukaingia darasani, tukakuta hapana mwalimu wa Kiingereza, na kile kitabu alichokuwa akitufundishia kilikuwa chake, alikwenda nacho. Hapana aliyefanya ubaya. Hakuambiwa aache kitabu, wala mwalimu wetu yeyote hakuambiwa akae darasani kuona anavyofundisha. Tulikaa muhula mzima tukirudia nyimbo alizotufundisha. Mwaka 1969 kikosi chote kiliondoka nchini, kwa mambo ya siasa ya wakati ule ambayo ninyi mnayajua kuliko mimi, wakarudi mwaka 1979. Habari hizo ni za wakubwa. Mimi nilibaki na lile la kitabu.

Sasa nije kwangu.

Mwaka 2006, nilipotimiza miaka 55, niliomba kustaafu kwa hiari. Wakati ule Sudan ya Kusini ilikuwa imetoka vitani. Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari, 1005 — samahani, 2005 — (kicheko) baada ya vita vya zaidi ya miaka ishirini, na watu walikuwa wakirudi kwao kutoka Uganda, Kenya, Kongo na Khartoum. Walihitaji walimu kama mgonjwa anavyohitaji maji. Hata mwaka 2009 ilipohesabiwa, katika kila watu wazima 100 waliojua kusoma na kuandika walikuwa 27 tu. Shirika moja lilikuwa likitafuta walimu wastaafu wa Afrika Mashariki wajitolee miaka miwili. Nikajiandikisha. Mke wangu alisema, "Wenzako wakistaafu hununua ng'ombe." Nikamwambia nitarudi, ng'ombe watakuwapo.

Basi mwaka 2007 nikafika upande wa Yei. Njia ni Kampala, Arua, Koboko, unavuka mpaka pale Kaya, halafu barabara ya udongo mwekundu, na kando yake mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Nyekundu maana yake usipite, chini kuna mabomu. Jambo la kwanza nililofundishwa katika nchi ile, na aliyenifundisha ni mtoto wa miaka tisa, ni namna ya kwenda chooni usiku bila kuacha njia.

Shule ilikuwa majengo mawili yasiyo na paa na miembe mitano. Nchi ile ina miembe mikubwa ajabu. Darasa la nne lilikaa mwembe huu, darasa la tano mwembe ule, na msimu wa maembe kila somo lilikatizwa na embe lililoanguka. Msidhani wanafunzi walikuwa watoto watupu. Katika darasa langu la sita alikuwamo askari aliyepigana miaka kumi, mwenye mke na watoto watatu, akikaa juu ya jiwe karibu na binti wa miaka kumi na miwili. Vitabu vilikuwa vya Uganda na vingine vya Kenya, kimoja kwa watu wanane. Wengine waliorudi kutoka Khartoum walisoma kwa Kiarabu, wakaambiwa sasa ni Kiingereza. Mtu mzima anayejua kugawanya sehemu kwa Kiarabu anakaa na watoto kujifunza kusema "one, two". Aibu ile ilikuwa nzito kuliko vita, aliniambia mmoja wao.

Mimi nilikuwa na bahati ya lugha. Wengine waliotoka Uganda na Kongo walisikia Kiswahili, na wengine wote walisema Kiarabu chao cha Juba, ambacho kina maneno ya kwetu mengi, au sisi tuna ya kwao. Kitabu ni kitab, kalamu ni galam, sabuni ni sabun. Kwa mwezi mmoja nikaweza kununua chumvi bila mkalimani. Neno lililonichukua muda ni bukra, yaani kesho. Nalo nitalirudia, maana lilihusu mishahara.

Chumba changu kilikuwa tukul, nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi. Chakula kilikuwa asida, ambayo ni ugali, wa mtama au wa muhogo, kwa mboga za majani zilizotiwa karanga za kusaga. Kizuri sana. Wiki ya kwanza walimu wenzangu walinipikia kuku mara tatu. Nikafurahi, nikaona nimependwa. Wiki ya pili nikapata kujua kwamba wale kuku watatu walitoka nyumba tatu, na nyumba moja haikubakiwa na mwingine. Tangu hapo nikakataa kupikiwa. Nikaomba jembe, wao huliita maloda, wakanipa kipande cha shamba nyuma ya shule nipande bamia na kunde. Walicheka walipoona mzee anajua kulima. Walikuwa wamezoea mgeni wa gari.

Ndugu zangu, jambo gumu kuliko yote katika maisha ya mwalimu wa kujitolea ni posho. Tunaitwa wa kujitolea, na watu hudhani hatulipwi kitu. Mimi nililipwa posho. Kwa kipimo cha hapa ilikuwa ndogo, mwanangu wa kwanza angeicheka. Lakini ilikuja kila mwezi. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji, aliyefundisha chini ya mwembe ule ule, darasa kubwa kuliko langu, mshahara wake ulipungua mara kadhaa kwa posho yangu, na ulikuwa haujaja miezi mitatu. Akiuliza, jibu ni bukra. Mke wake alichoma mkaa. Jioni tunarudi pamoja njia moja, mimi nanunua sukari, yeye anasimama nje ya duka akijifanya anatazama barabara.

Nilianza kwa kumkopesha. Hilo lilikuwa kosa. Mwezi wa pili akawa ananikwepa, maana mdeni hana raha mbele ya mwenye deni hata kama hadaiwi. Nikapoteza rafiki kwa sababu ya kilo mbili za sukari. Mwisho mwalimu mkuu, mtu mwenye busara, ndiye aliyenionyesha njia: nilete sehemu ya posho katika chungu cha walimu, chakula cha mchana kipikwe pale shuleni kwa wote, hapana jina la mtu. Ndivyo tulivyofanya. Yule bwana akarudi kutembea nami, ila sukari hakuigusa tena.

Sitaki mfikiri naeleza wema wangu. Nilikuwa na makosa ya namna nyingine. Barua, kwa mfano. Usiku nilikuwa nikiandika kwa taa ya chemli, nikimweleza mke wangu kila kitu: choo hakina mlango, nyoka ameanguka kutoka kwenye paa, wanafunzi wananuka moshi, watu hawa hawajui saa. Siku moja barua iliyoandikwa nusu ilichukuliwa na upepo, akaiokota yule askari wa darasa la sita. Aliniletea. Kiswahili alikijua, alikaa Kongo miaka mitano. Akasema, "Ustaz, saa yangu niliiuza ninunue daftari." Akaenda zake.

Nilikumbuka habari ya Nigeria tuliyopata kuisoma zamani. Mwezi wa Oktoba 1961 mmoja wa vijana wa Peace Corps waliokuwa chuoni Ibadan aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake kwao, akieleza jinsi watu wanavyoishi katika hali duni, wakipika barabarani. Kadi ikaanguka kabla ya kufika posta. Wanafunzi wakaiokota, wakaitoa nakala, chuo kizima kikawaka moto, ikawa habari ya dunia. Mwandishi aliondoka nchini. Wakati ule mimi na wenzangu tulishangilia wanafunzi wa Ibadan. Mwaka 2007 nilikuwa mimi mwandishi wa kadi, na ngozi yangu ilikuwa sawa na ya aliyeiokota.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuwa Mwafrika hakukunifanya mwenyeji. Nilidhani nitaingia kama ndugu. Waliniita ustaz kwa heshima, walinizika katika huzuni zao na kunialika katika ngoma zao, lakini kila mtu alijua jambo moja ambalo mimi nilikuwa nimelisahau, yaani kwamba nina gari la kuondokea.

Gari lilikuja mwanzoni mwa mwaka 2009.

Mwezi wa Desemba 2008 majeshi yalipiga kambi za waasi wa LRA katika msitu wa Garamba, Kongo. Waasi wakatawanyika, wengine wakawa wanavuka mpaka kuja upande wetu, wakichoma nyumba na kuchukua watoto. Kila jioni habari ilikuwa nyingine: wameonekana hapa, wamepita kule. Asubuhi moja, saa tatu, nikiwa ubaoni nafundisha eneo la pembetatu, gari la shirika likaingia. Dereva hakuzima injini. Alisema, "Mwalimu, dakika kumi. Wageni wote wanaondolewa." Nikamwuliza, "Na hawa?" Akaniambia, "Mimi nimepewa orodha ya majina." Jina langu tu ndilo lililokuwamo kwa shule ile.

Nilichukua mfuko wangu. Naomba mnisikilize hapa, maana jambo hili sikupata kulisema hadharani. Nilipita mbele ya watoto sabini na nane. Hapana aliyelia, wala hapana aliyeniomba nimpakie. Walisimama kwa adabu, kama wanavyosimama mwalimu anapoingia. Niligeuka kuangalia ubao, nikaona pembetatu yangu imechorwa nusu. Yule askari wa darasa la sita alikuwa amekwisha inuka kutoka kwenye jiwe lake, ameokota chaki, anaimalizia.

Nilikaa Uganda majuma matano. Nilikula vizuri na kulala chini ya chandarua kipya. Hapana siku niliyolala usingizi mzuri. Waasi hawakufika kijijini kwetu, Mungu alisaidia, nikarudi nikitarajia kukuta shule imefungwa. Madarasa mengine yalikuwa yamefungwa kweli. Langu lilikuwa likiendelea. Askari alikuwa amefundisha majuma matano hesabu za darasa la sita, yeye mwenyewe akiwa wa darasa la sita. Mlango mmoja alikuwa ameukosea kabisa, ule wa asilimia, akawakosesha wote. (Kicheko.) Lakini watoto walikuwapo.

Tangu siku hiyo nilibadili kazi yangu. Miezi iliyobaki sikufundisha darasa peke yangu hata siku moja. Nilichagua wanne, huyo askari, binti mmoja aliyetoka kambini Uganda, na walimu vijana wawili. Asubuhi nafundisha wao wakitazama. Jioni wananifundisha mimi somo la kesho, nami najifanya mjinga na kuuliza maswali ya kijinga, kazi ambayo mke wangu anasema sikuhitaji kujifunza. Kesho yake wanashika chaki, mimi nakaa juu ya jiwe. Vitabu havikuwapo vya kutosha, kwa hiyo tuliandika daftari moja nene, masomo yote ya hesabu ya mwaka, hatua kwa hatua, kwa mkono. Tukanakili manne. Nilipoondoka kwa haki, mwishoni mwa mwaka 2009, niliacha hata kalamu.

Kama ningefanya hivyo tangu mwezi wa kwanza, wangekuwa wanane, si wanne. Hilo ni deni langu, nami nalijua.

Ninyi mnajua yaliyofuata katika nchi ile. Tarehe 9 Julai, 2011 walipata uhuru, nami nililia mbele ya redio. Desemba 2013 wakaanza kuuana Juba, na Julai 2016 vita vikarudi, safari hii vikaenea mpaka Yei na vijiji vyake. Watu wakaukimbilia mpaka wa Uganda. Huko Yumbe ikafunguliwa kambi ya Bidibidi mwezi wa Agosti mwaka ule, na kabla mwaka haujaisha walikuwamo watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2017 nikapigiwa simu. Alikuwa yule binti, sasa mama wa watoto wawili. Alikuwa anafundisha chini ya turubai, wanafunzi zaidi ya mia katika darasa moja. Askari hakumtaja, nami sikuuliza. Alisema, "Ustaz, daftari nilitoka nalo, lakini mvua imefuta mlango wa pembetatu. Nisomee." Nilikuwa na nakala yangu. Nikamsomea kwa simu, hatua kwa hatua, mpaka salio likaisha.

Huyo, ndugu zangu, hana gari la kuondokea. Yeye ndiye mwalimu.

Sasa nirudi kwa mgeni wetu. Huyu anayekuja sharti mjue kwamba gari lake liko tayari hata kabla hajafika. Si ubaya wake, ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote duniani kwa mara ya kwanza katika historia yake, karibu watu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, wengine kwa siku mbili tatu tu, na madarasa mengi yakabaki na ubao ulioandikwa nusu. Kwa hiyo anayesema asije, na anayesema aje atuokoe, wote wawili wanabishana juu ya mtu ambaye atakuwa amekwisha ondoka.

Mimi naomba mambo machache tu. Mosi, mwalimu mkuu ataje jina la kijana wetu mmoja, awe wa ualimu au hata aliyemaliza kidato cha sita na kukosa kazi, akae darasani na mgeni kila kipindi, tangu siku ya kwanza, na tawi lichange nauli na chakula chake. Nimesikia mweka hazina akikohoa. (Kicheko.) Nimekwisha sema nitatoa mchango wa kwanza, nao huu hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba uandikwe. (Makofi.) Pili, akina mama, msimpikie kuku kila siku. Mpeni jembe na kipande cha shamba, na akiamkia mtoto shikamoo mwambieni siku hiyo hiyo, msingoje miezi miwili.

Mwisho, jana nilikwenda kuitazama nyumba atakayokaa. Paa ni zima, na dirisha limetiwa wavu. Ila choo hakina mlango. Fundi anasema mbao zipo, misumari ndiyo haipo. Nataka nijue kabla hatujaondoka hapa ni nani atakayeleta misumari.